Viongozi Waulizwe Nini?

Aghalabu viongozi wakutanapo kupanga mambo ya taasisi yao huandika malengo ambayo hapana mtu awezaye kuyapinga wala kuyapima, kama kuimarisha huduma, kuongeza ufanisi na kudumisha ushirikiano. Na kwa kuwa wote wameyaafiki, hudhani kwamba wamekubaliana, ilhali kila mmoja ametoka mkutanoni na tafsiri yake moyoni. Tatizo hili halitibiwi kwa kutaja tarakimu tu, na ushahidi wa hayo ninauona katika historia ya kuitokomeza ndui.

Mwaka 1966 Mkutano Mkuu wa Shirika la Afya Duniani uliazimia kwamba maradhi hayo yaondolewe duniani katika muda wa miaka 10, na uongozi wa kazi hiyo, iliyoanza mwaka 1967, akakabidhiwa tabibu wa Kimarekani, D. A. Henderson. Kusudio lilikuwa bayana. Lakini kipimo walichokizoea wakuu wa afya katika nchi nyingi kilikuwa idadi ya waliochanjwa, kwa itikadi kwamba wakichanjwa watu 80 katika kila 100, ndui itakatika yenyewe. Basi wachanjaji wakawaendea watu waliokuwa wepesi kupatikana, hasa watoto wa shule, wengine wakachanjwa tena na tena, hesabu ikapanda, na ndui ikaendelea kuwaua walioishi mbali na njia kuu. Kila afisa aliweza kusema kwa haki kwamba ametimiza alichoagizwa, na hilo ndilo linalonisikitisha zaidi.

Desemba 1966, mashariki mwa Nigeria, tabibu William Foege na wenzake walikabiliwa na mripuko huku chanjo waliyokuwa nayo haiwatoshi watu wote. Wakauliza kwanza, kwa redio za wamisionari, ni vijiji gani vyenye wagonjwa. Kisha wakachanja waliowazunguka wagonjwa hao, na mripuko ukazimika. Njia hiyo ilipoenea, swali walilotakiwa kulijibu viongozi halikuwa tena wamechanja watu wangapi, bali ndui iko wapi wiki hii na nani ameizingira. Vituo vya afya vilitakiwa kuleta taarifa kila wiki, hata pasipokuwapo mgonjwa, kwani kimya kingeweza kuwa na sababu nyingine.

Huko India, upekuzi wa kuwatafuta wagonjwa ulioanza mwishoni mwa mwaka 1973 ulifichua wagonjwa wengi mno kuliko walivyotarajiwa. Hapa naomba msomaji atue kidogo. Mkuu wa wilaya aliyezoea kusifiwa kwa uchache wa wagonjwa katika daftari lake atapokeaje agizo la kuwatafuta? Ikiwa haikuelezwa kinagaubaga kwamba anayefichua hatalaumiwa, na kwamba atakayelaumiwa ni mwenye kuficha au kuchelewa kuzingira, basi atachagua salama yake, nami sitamshangaa. Hali kadhalika bodi ya ushirika au ya hospitali: matarajio yasiyotaja jinsi habari mbaya itakavyopokewa hayajakamilika, hata yakiandikwa kwa ufasaha namna gani. Fauka ya hayo, huko India walikuwapo wakaguzi waliopita nyuma ya wapekuzi kuhakiki kazi yao, maana hapana kiongozi anayefaa kuwa shahidi pekee wa mafanikio yake.

Jambo la mwisho, ambalo kamati nyingi hulisahau, ni kukubaliana mapema ni ithibati gani itakayowaruhusu kusema kazi imekwisha. Mtu wa mwisho duniani kuambukizwa ndui kwa njia ya kawaida, Ali Maow Maalin, mpishi wa hospitali huko Merka, Somalia, aliugua Oktoba 1977, akapona. Hata hivyo sharti lilikuwa limekwisha kuwekwa kwamba ipite miaka miwili ya upekuzi pasionekane mgonjwa mwingine. Kwa hiyo watafutaji waliendelea kuzunguka katika Pembe ya Afrika, na tume ya wataalamu haikutia saini hati ya uthibitisho mpaka tarehe 9 Desemba 1979.