Mchicha umetobolewa usiku? Usikimbilie sumu ya dukani

Masika yakishika, mama mwenye tuta la mchicha na sukumawiki nyuma ya nyumba huamka akakuta majani yametobolewa, na ute unaong'aa umepita juu ya udongo. Wengi hukimbilia dawa ya kupimiwa. Hutiwa kwenye chupa ya soda, ikasukumwa chini ya meza. Hatari inaanzia hapo: mtoto mwenye kiu anaijua chupa ya soda, hajui kilichomo. Na hata asipoinywa, mboga iliyopuliziwa Jumatatu huchumwa Jumatano, wakati dawa nyingi hudai mtu asubiri siku kadhaa, nyingine wiki na zaidi.

Ute huo ni wa koa, yule konokono asiye na gamba. Hula usiku, mchana hujificha penye unyevu. Basi mtege hapohapo. Jioni laza ubao au gunia lililoloweshwa pembeni ya tuta, asubuhi lifunue, utawakuta wamejikusanya. Waokote kwa kijiti, uwatumbukize kwenye maji ya sabuni. Watoto hupenda sana kazi hii, lakini wasiwashike kwa mikono mitupu, maana koa hubeba minyoo inayoweza kumdhuru binadamu. Tuta limwagiliwe asubuhi, si jioni, ili usiku juu pawe pakavu.

Maganda ya mayai yanasifiwa mno, ila majaribio ya chama cha bustani cha Uingereza, RHS, mwaka 2018 hayakuona yakipunguza uharibifu. Majivu husaidia yakiwa makavu. Yakinyeshewa, kazi imekwisha. Chumvi ibaki jikoni, kwani huua koa na kuharibu udongo pia.

Sukumawiki ikijikunja, geuza jani. Vijidudu vya kijani au kijivu vilivyosongamana ni vidukari. Wapukuse kwa maji, kisha pulizia maji yenye kijiko kimoja cha chai cha sabuni ya maji kwa lita moja, hasa chini ya jani. Ukiona kijidudu chekundu chenye madoa meusi, usikiguse. Hicho hula vidukari, na watoto wake, weusi wenye sura ya kutisha, hula vilevile.

Kwa viwavi, mwarobaini. Twanga majani mabichi kilo moja, loweka katika lita tano za maji usiku kucha, chuja kwa kitambaa, ongeza sabuni kidogo. Pulizia jioni, kwani jua huidhoofisha. Usitarajie viwavi kuanguka papo hapo. Huacha kula kwanza, wakafa taratibu. Rudia kila wiki, na tena baada ya mvua.

Tumbaku iliyolowekwa nayo huitwa dawa ya asili. Ni ya asili kweli, lakini nikotini yake ni sumu inayopenya ngozi, na tumbaku inaweza kuambukiza nyanya ugonjwa wa virusi. Nyumba yenye watoto iachane nayo.

Mboga iliyopuliziwa mwarobaini ikichumwa siku hiyohiyo huwa chungu, na mtoto ataikataa. Ipe siku tatu au nne, kisha uioshe jani moja moja.