Bei ya Maji Ihesabu Watu, Si Mita Pekee

Wadi Kabir, mtaa wa Muscat wenye gereji na karakana nyingi uliobanwa na milima ya mawe karibu na Ruwi, hauna mto wala ziwa la kuutegemea. Tangu mtambo wa Ghubra uanze kazi mwaka 1976, mji huu umezidi kunywa maji ya bahari yaliyoondolewa chumvi, kazi inayokula nishati nyingi na fedha nyingi, na kwa miaka mingi serikali ya Oman ilibeba sehemu kubwa ya mzigo huo kwa ruzuku, yaani fedha ya umma inayoziba pengo kati ya gharama halisi na bei anayotozwa mtumiaji.

Chini ya bei za enzi hiyo ya ruzuku, nyumba ya kuishi ililipa baisa 2 (baisa ni sehemu ndogo ya rial ya Oman) kwa kila galoni hadi kufikia galoni 5,000 kwa mwezi, na baisa 2.5 kwa kila galoni iliyozidi. Utaratibu huo, uitwao bei ya ngazi, ulikusudia mema: maji ya lazima yawe rahisi, na ya anasa yawe ghali. Tatizo ni kwamba mita huhesabu galoni, haihesabu watu. Galoni 5,000 ni takribani lita 22,700, kwa hiyo familia ya watu wanne, kila mmoja akitumia lita 180 kwa siku, ilibaki katika ngazi ya chini, ilhali vibarua wageni ishirini waliopanga nyumba moja, kila mmoja akijibana kwa lita 50 za kunywa, kupikia, kuoga na kufulia nguo zilizoroa mafuta ya gari, waliivuka. Aliyetumia kidogo ndiye aliyeangukia bei ya juu, na hilo halikuwa haki hata kidogo.

Januari 2021 ruzuku ilianza kupunguzwa hatua kwa hatua, na kwa raia wenye kipato kidogo uliwekwa mfumo wa taifa unaoangalia kipato pamoja na ukubwa wa familia. Hapo ndipo penye busara, kwani kichwa cha mtu kimeingia katika hesabu. Lakini mpangaji mgeni hamo.

Wazee wa Oman walilitatua jambo hili katika falaj, mifereji ya kale inayoleta maji ya ardhini vijijini. Maji hupita kwanza mahali pa wazi ambapo kila mtu, mwenyeji au mpita njia, huteka ya kunywa bila malipo. Yakifika mashambani hugawanywa kwa zamu za muda, na baadhi ya zamu hukodishwa kwa mnada ili fedha yake itengeneze mfereji. Mnywaji hadaiwi, mwenye shamba hulipa, na mfereji haufi.

Wanaopanga bei za leo wanapaswa kuanzia hapo: kila mkazi, raia au mgeni, atengewe lita zake 50 za siku kwa bei nafuu, hata kama mita ni moja kwa watu ishirini, na gharama kamili ya kuondoa chumvi ilipwe na wanaojaza mabwawa ya kuogelea na kumwagilia bustani.