Insha Zetu na Mtoto Asiyesita

Nimesahihisha insha za watoto kwa miaka mingi, na iwapo kuna kisa ninachoweza kukikariri nikiwa nimefumba macho, basi ni kile cha mtoto aliyeacha mchezo akaenda kumsaidia jirani mwenye arusi. Mamake humtuma maji, naye huitikia kwa moyo mkunjufu kabla maneno hayajamtoka mzazi kinywani. Wenzake wakimwita uwanjani, hata hageuki. Enzi za KCPE, mtihani uliofanywa mara ya mwisho mwaka 2023, mtahiniwa alipewa dakika 40 za insha. Labda ndiyo sababu hakuna aliyethubutu kupoteza hata moja kwa kusita.

Mimi nilisita. Nilikuwa na umri wa miaka kumi hivi, mtaani Majengo, Mombasa. Bibi wa nyumba ya pili alikuwa akimwoza mjukuu wake, na siku iyo hiyo timu yetu ilikuwa ikipambana na watoto wa mtaa wa pili kushindania kreti ya soda tuliyoichangia sote. Mlinda lango wetu alikuwa mimi. Asubuhi nikatumwa kuazima masinia ya kupakulia pilau. Nikapata manne, na njia ya kurudi ilipita kando ya kiwanja.

Nakiri leo mbele yenu, walimu wenzangu: masinia mawili niliyaegemeza kwenye mawe yakawa milingoti ya goli. Nilijiambia ni kwa dakika chache tu. Mpira wetu ulikuwa wa matambara, lakini ulitosha kuangusha sinia moja, likapiga jiwe na kubonyea ukingoni.

Bibi alinipokea mlangoni. Hakunipiga. Alilipindua sinia, akalitazama, kisha akauliza, "Mjukuu wangu, mmefungana ngapi?"

"Sare, bibi."

"Basi nenda kamalize, ila urudi kabla ya kupakua. Na sinia hili utalirudisha wewe kwa mwenyewe, si mimi."

Tulifungwa mabao mawili. Nikarudi, nikapewa birika, nikawanawisha wageni mikono hadi jioni, huku nikiiwazia ile safari ya sinia ambayo niliiogopa kuliko fimbo yoyote.

Kisa kama hiki kingepata alama ngapi kwetu? Nahofia chache. Tumewazoesha wanafunzi kuuficha mvutano uliomo nyoyoni mwao, nao wametuelewa vyema. Isitoshe, tumesahau kwamba mchezo nao ni ahadi. Mtoto anayesubiriwa langoni na wenzake ana deni kwao, na tunapomsifu kwa kuwaacha bila hata kuwaaga, tunamwambia kwamba neno alilompa mtoto mwenzake halina uzito. Bibi yule, ambaye sidhani aliwahi kuingia darasani, alilijua hilo.

Sasa mtaala wa umilisi unawataka wanafunzi waihudumie jamii, jambo ninaloliunga mkono kwa dhati. Lakini huduma hizo huandikiwa ripoti, na katika ripoti nilizokwisha kuziona yule mtoto asiyesita amerudi akiwa amevaa sare mpya.

Muhula uliopita msichana mmoja aliniandikia kwamba alikwenda kumenya vitunguu kwa jirani huku akinung'unika njia nzima, kwa kuwa fainali ya kuruka kamba ilimpita. Nilimpa alama za juu kuliko darasa zima. Mwalimu mwenzangu aliyeiona karatasi ile aliniuliza kama nilikuwa nimeisoma hadi mwisho.