Tusisifu Mto Tukaisahau Chemchemi

Wengi wakitajiwa kiharakishi kikuu cha chembe cha CERN, mpakani mwa Uswisi na Ufaransa, hustaajabia ile njia yake ya duara yenye urefu wa kilomita 27 chini ya ardhi. Mimi hustaajabia kifaa kidogo kisichopigwa picha sana: chanzo cha ioni, ambacho ndicho mwanzo wa safari yote ya protoni.

Tangu 1978 hadi 2018, protoni hizo zilianzia katika mtambo uitwao Linac2. Humo atomu za haidrojeni zilinyang'anywa elektroni, zikabaki protoni tupu. Mrithi wake, Linac4, uliozinduliwa 2017 na kuunganishwa na wenzake 2020, hufuata njia ya kinyume. Atomu huongezewa elektroni moja, ikawa ioni hasi. Ikifika katika kiharakishi kinachofuata hupitishwa kwenye utando mwembamba wa kaboni, nao huivua elektroni zote mbili. Kwa hila hiyo protoni nyingi zaidi hukusanywa pamoja.

Kazi hiyo si mzaha, kwani elektroni ile ya ziada haikushikwa imara na huponyoka upesi. Wataalamu walianza kwa kuiga chanzo cha maabara ya DESY, Hamburg. Kilipojaribiwa kwa volti 45,000, elektroni zilizotoka pamoja na ioni zilikuwa nyingi mno, zikakiharibu. Ikawabidi kukisanifu upya, wakatumia pia sesiamu, metali inayosaidia ioni hasi kuzaliwa kwa wingi.

Wapo wasemao kwamba majaribio ya namna hii ni kupoteza fedha na wakati. Siafikiani nao hata kidogo. Hitilafu ile ilitokea katika chumba cha majaribio, ambako hasara yake ilikuwa ndogo. Je, ingalitokea baada ya mtambo wa zamani kuzimwa, maelfu ya wanasayansi wangalifanya nini?

Wala jambo hili si la wanafizikia peke yao. Huko Heidelberg, Ujerumani, tangu 2009 wagonjwa wa saratani hutibiwa kwa miale ya protoni na ya ioni za kaboni. Chanzo kikikwama, anayesubiri ni mgonjwa.

Mdharau mwiba, mguu huota tende. Wanaogawa fedha za sayansi, popote walipo, na wakumbuke kulipia miezi ya majaribio kabla ya kukata utepe.