Ufa Unaoruhusiwa: Seramiki Yenye Nyuzi Katika Joto Kali

Chungu kikianguka huvunjika papo hapo. Hakibonyei kwanza kama sufuria. Kwa sababu ya tabia hiyo, seramiki ilikaa nje ya sehemu za moto mkali katika injini za ndege kwa miaka mingi, ingawa kabidi ya silikoni hustahimili joto linaloyeyusha aloi za nikeli.

Mwaka 1975 Seishi Yajima wa Chuo Kikuu cha Tohoku, Japani, alionyesha namna ya kutengeneza nyuzi ndefu za kabidi hiyo, nyembamba kuliko unywele. Nyuzi hizo hulazwa ndani ya kabidi ileile, na kila uzi huvikwa ngozi nyembamba ya nitridi ya boroni. Ngozi hiyo haishiki sana, na udhaifu huo umekusudiwa. Ufa unapoufikia uzi hugeuka kando, ukaifuata ngozi. Uzi hubaki mzima, umeziunganisha kingo za ufa mithili ya daraja.

Taabu huanza mzigo na joto vinapodumu kwa maelfu ya saa. Katika joto la sentigredi elfu moja na zaidi, chembe zilizouunda uzi huteleza kidogo kidogo mipakani mwake, na uzi hurefuka ingawa mzigo haukuongezwa. Nyuzi zikirefuka upesi kuliko seramiki inayozizunguka, mzigo huihamia seramiki, nayo hupasuka. Mambo yakiwa kinyume, nyuzi ndizo hulemewa. Kwa vyovyote vile nyufa hupanuka na oksijeni hupata mlango.

Hapa msomaji huenda akastaajabu. Karibu na sentigredi 1,200 kabidi hutoa upesi kioo cha silika kinachoweza kuuziba ufa. Katika sentigredi 700 au 800 kioo hicho huchelewa: nitridi ya boroni huliwa kwanza, kisha kioo hujaa mahali pake na kuugandisha uzi na seramiki. Ufa ukija, haugeuki tena, huukata uzi. Kwa hiyo kipande kilichofaulu katika tanuri kali hakina budi kupimwa pia katika joto la chini, kwa saa nyingi.

Mwaka 2016 seramiki hii iliingia katika safari za abiria ndani ya injini ya LEAP, ikiwa pete inayoyazunguka mapanga ya tabaini. Pete hiyo imetulia mahali pake. Mapanga yenyewe huvutwa kwa nguvu kubwa ya mzunguko, na kwao swali la kurefuka polepole ni gumu zaidi.