Uendeshaji wa Programu za Madirisha kutoka Mbali kupitia SSH: Kinacholindwa na Kisicholindwa

Ikisiri

Makala haya yanaeleza jinsi mtumiaji wa kompyuta ya mezani anavyoweza kuendesha programu yenye madirisha iliyomo katika kompyuta ya mbali, na kuiona katika kiwambo chake mwenyewe, kwa kupitia muunganisho wa SSH. Hoja kuu ni kwamba usimbaji fiche huilinda njia baina ya kompyuta mbili, lakini haumlindi mtumiaji dhidi ya kompyuta ambayo yeye mwenyewe ameifungulia kiwambo chake. Aidha, makala yanachunguza sababu za programu hizo kwenda polepole katika mikondo ya mbali, suala linalowagusa moja kwa moja watafiti wa Afrika Mashariki.

1.0 Utangulizi

Mtafiti wa hali ya hewa mwenye data za gigabaiti mia kadhaa hawezi kuzihamishia zote katika kompyuta ya chumbani kwake. Data hukaa katika kompyuta kubwa ya idara, au ya chuo kingine, na programu ya kuzichora ramani hukaa hukohuko. Kinachohitajika kumfikia mtafiti ni madirisha tu: ramani, vitufe, menyu, na nafasi ya kubofya. Kazi ya maandishi matupu hutatuliwa kwa SSH ya kawaida, ambapo mtumiaji huandika amri na kusoma majibu. Ugumu huanza pale programu inapotaka kuchora.

Katika mifumo ya jamii ya Unix, Linux ikiwamo, jibu la kale na ambalo bado linatumika ni kuipitisha itifaki ya X ndani ya SSH. Maelekezo mengi ya jambo hili humpa msomaji amri moja, ssh -X, kisha humwacha. Amri hiyo hufanya kazi, na kwa sababu hufanya kazi, wengi hawaulizi imefungua nini.

2.0 Seva ni Ipi na Mteja ni Nani?

Mfumo wa X Window ulianza mwaka 1984 katika chuo cha MIT, Marekani, ndani ya mradi wa Athena, kwa kazi ya Robert Scheifler na Jim Gettys. Toleo lake la kumi na moja, X11, lilitoka mwaka 1987 na ndilo linaloendelea kutumika. Tangu mwanzo mfumo huu ulibuniwa ili programu iweze kuendeshwa katika mashine moja na kuchora katika kiwambo cha mashine nyingine.

Hapa pana mkanganyiko wa istilahi unaostahili kutatuliwa mapema. Katika Kiswahili cha kawaida cha kompyuta, neno seva humpeleka msikilizaji kwenye mashine kubwa iliyo mbali, ndani ya chumba chenye kiyoyozi. Katika X mambo yamegeuzwa. Seva ni programu inayomiliki kiwambo, kibodi na kipanya, kwa hiyo iko mezani kwa mtumiaji. Programu ya ramani iliyo mbali ndiyo mteja, maana ndiyo inayoomba huduma: nichoree dirisha hapa, niambie kitufe gani kimebonyezwa. Ili kuepuka mkanganyiko huo, makala haya yanatumia istilahi seva ya kiwambo kwa ile ya mezani na programu-teja kwa ile ya mbali. Uteuzi huu una faida zaidi ya usahihi wa lugha. Mtu akishaelewa kwamba seva ni yake, ataelewa pia kwamba anayebisha hodi ni mgeni na mlango unaobishwa ni wa kwake.

Programu-teja hujua pa kubisha kwa kusoma kigeu kiitwacho DISPLAY. Kiwambo namba 0 husikiliza katika poti namba 6000, kiwambo namba 1 katika poti 6001, na kuendelea hivyo.

3.0 Njia ya Wazi

Kabla ya SSH kuenea, mtumiaji aliandika anwani ya kompyuta yake katika DISPLAY ya mashine ya mbali, na programu-teja ikaunganishwa moja kwa moja kupitia mtandao. Ili kuiruhusu, wengi walitumia amri ya xhost, ambayo hutoa ruhusa kwa mashine nzima. Wenye haraka waliandika xhost + na kuiruhusu dunia yote. Wenye uangalifu walitumia kidakuzi cha siri kiitwacho MIT-MAGIC-COOKIE-1, namba ya biti 128 inayohifadhiwa katika faili la .Xauthority, ambayo programu-teja isiyo nayo hukataliwa.

Hata hivyo, kidakuzi hicho kilisafiri wazi katika mtandao, pamoja na kila herufi iliyobonyezwa. Aliyeweza kusikiliza waya aliweza kukinakili na kuingia nacho. Ndiyo maana seva za kiwambo za siku hizi, kwa mpangilio wao wa awali, hazisikilizi kabisa miunganisho ya mtandao. Msomaji anayefuata maelekezo ya zamani ya kuweka DISPLAY kwa mkono atakuta hayafanyi kazi, na ni vema hivyo.

4.0 Jinsi SSH Inavyoibeba X

SSH ilibuniwa mwaka 1995 na Tatu Ylönen katika Chuo Kikuu cha Teknolojia cha Helsinki, Finland, baada ya shambulio la kunasa nywila katika mtandao wa chuo hicho. Toleo linalotumika zaidi leo, OpenSSH, lilitoka mwaka 1999 katika mradi wa OpenBSD. Ubebaji wa X umeelezwa rasmi katika waraka wa RFC 4254 wa Januari 2006.

Mtumiaji anapoandika ssh -X pamoja na jina lake na la mashine, mambo kadhaa hutokea bila yeye kuyaona. Kwanza, SSH iliyo mezani hutunga kidakuzi cha bandia, chenye umbo sawa na kile cha kweli, na kukipeleka upande wa pili. SSH ya mbali hukiandika katika faili la .Xauthority la huko, hufungua poti ya ndani, kwa kawaida namba 6010, na kuweka DISPLAY kuwa localhost:10.0. Programu ya ramani inapoanza, husoma kigeu hicho na kuamini kwamba kiwambo kiko palepale ilipo. Hujiunganisha na poti 6010 na kuonesha kidakuzi cha bandia. Maneno yake husimbwa, hupita katika muunganisho uleule wa SSH, na kufika mezani. Hapo SSH hukagua kama kidakuzi kilicholetwa ndicho kile cha bandia ilichokitunga. Kikilingana, hukiondoa, huweka cha kweli mahali pake, na kuukabidhi ujumbe kwa seva ya kiwambo.

Kwa mantiki hiyo kidakuzi cha kweli hakitoki kamwe katika kompyuta ya mtumiaji. Kile cha bandia kinakufa pamoja na muunganisho, na anayekiiba kesho hapati kitu. Kwa maoni yetu huu ni ubunifu mzuri kuliko unavyosifiwa.

Ikumbukwe kwamba upande wa mbali lazima ukubali. Katika OpenSSH asilia kipengele cha X11Forwarding kimezimwa upande wa seva ya SSH, na msimamizi ndiye hukiwasha. Vilevile programu ndogo ya xauth lazima iwepo huko. Ikikosekana, mtumiaji huambiwa tu kwamba kiwambo hakiwezi kufunguliwa, na anaweza kupoteza saa nzima akikagua mtandao usio na kasoro. Upande wa mezani, mwenye Linux mara nyingi anayo seva ya kiwambo tayari. Mwenye macOS huweka XQuartz, na mwenye Windows huweka VcXsrv au nyingine ya aina hiyo.

5.0 Usalama wa Njia na Usalama wa Mwisho wa Njia

Sehemu hii ndiyo kiini cha makala. Maelezo yote ya sehemu ya nne yanahusu msikilizaji aliye njiani. Swali linalobaki ni hili: je, itakuwaje ikiwa mtu mbaya yuko kwenye kompyuta ya mbali yenyewe?

X ilibuniwa katika zama ambapo programu zote katika kiwambo kimoja zilihesabiwa kuwa za mtu mmoja na kuaminiana. Programu-teja iliyokwisha kuruhusiwa inaweza kuuliza hali ya kibodi wakati wowote, hata wakati mtumiaji anaandika katika dirisha la programu nyingine. Inaweza kunakili picha ya madirisha yasiyo yake. Inaweza kutuma mibonyezo ya bandia ya vitufe. Sasa tukumbuke kwamba msimamizi mkuu wa kompyuta ya mbali anaweza kusoma faili la mtumiaji yeyote, likiwamo lile lenye kidakuzi cha bandia, na kwamba poti 6010 iko wazi kwake muda wote muunganisho unapodumu. Yeye, au mdukuzi aliyepata mamlaka yake, anaweza kuanzisha programu-teja ya kwake na kuipitisha katika njia hiyohiyo iliyosimbwa vizuri. Mtafiti akifungua benki yake mezani katika kiwambo hichohicho cha X huku ramani ikiwa wazi, nywila yake inaweza kusomwa kutoka bara lingine.

OpenSSH inalitambua tatizo hili na kutoa njia mbili. Chaguo la -X huichukulia programu-teja kuwa isiyoaminika, na seva ya kiwambo huinyima uwezo wa kupeleleza madirisha ya wengine. Chaguo la -Y huiamini kikamilifu. Kwa nadharia, basi, mtumiaji ateue -X na alale usingizi. Kwa vitendo kuna vikwazo viwili.

Kikwazo cha kwanza ni kwamba programu nyingi hazikuandikwa kwa kutarajia kunyimwa, hivyo huanguka au huchora vibaya zinapowekewa mipaka. Isitoshe, ruhusa ya -X ina ukomo wa dakika 20 kwa mpangilio wa awali. Baada ya hapo madirisha mapya hukataliwa. Mtumiaji aliyekwenda kunywa chai akarudi hukuta kila programu anayojaribu kuianzisha inagoma, bila sababu inayoonekana. Watu huhamia -Y, na hatuwezi kuwalaumu sana.

Kikwazo cha pili ni kizito zaidi kwa kuwa kimejificha. Katika Debian, na kwa hiyo katika mifumo mingi iliyotokana nayo ikiwamo Ubuntu, kipengele cha ForwardX11Trusted kimewekwa kuwa ndiyo kwa sababu hiyohiyo ya programu kuanguka. Matokeo yake, -X huko hutenda kama -Y. Mtumiaji aliyesoma mwongozo wa jumla, akachagua -X kwa uangalifu, hana ulinzi anaodhani anao. Asiyetaka kubahatisha na aandike ForwardX11Trusted no katika faili lake la mipangilio, kisha ajaribu kama programu zake zinastahimili.

Zisipostahimili, iko njia ya kati. Xephyr ni seva ya kiwambo inayoendeshwa ndani ya dirisha moja la kiwambo cha kawaida. Programu-teja ikielekezwa humo huona yaliyomo katika dirisha hilo tu. Madirisha mengine ya mtumiaji kwake hayapo. Njia hii haipendezi machoni, na ukubwa wa dirisha husumbua, lakini mipaka yake haitegemei hiari ya programu. Kilicho kibaya kuliko vyote ni kuandika ForwardX11 yes kwa mashine zote. Hapo hata mashine uliyoingia kwa dakika moja kusoma faili la maandishi inapewa kiwambo chako.

6.0 Umbali

Malalamiko ya kawaida kuhusu X kutoka mbali ni polepole, na suluhisho la kwanza linalotajwa ni kuongeza uwezo wa mkondo. Mara nyingi hilo halisaidii. Programu-teja nyingi huuliza swali kwa seva ya kiwambo, husubiri jibu, kisha huuliza lingine. Maswali hayo ni mafupi mno; kinachogharimu ni safari.

Tuchukue mfano wa kubuni wa programu inayouliza maswali 150 ya namna hiyo kabla ya kuonesha dirisha lake la kwanza. Setilaiti ya kimo cha kilomita 35,786 hulazimisha ujumbe na jibu lake kupita kimo hicho mara nne, yaani zaidi ya kilomita 143,000, na mwanga huhitaji takribani milisekunde 477 kwa safari hiyo. Maswali 150 yatachukua zaidi ya sekunde 71. Katika nyuzi za kioo mwanga huenda kama kilomita 200,000 kwa sekunde. Kebo ya kilomita 10,000 itadai milisekunde 100 kwenda na kurudi, na dirisha litafunguka baada ya sekunde 15. Ndani ya jengo moja, ambako safari huchukua nusu milisekunde, mtumiaji hatahisi kitu. Kabla ya kebo ya SEACOM kufika Mombasa na Dar es Salaam mwaka 2009, na EASSy mwaka uliofuata, hali ya kwanza ndiyo iliyokuwa ya kawaida kwa wengi wa ukanda huu. Kebo zimepunguza adha hiyo, ila hakuna kebo itakayoiweka Ulaya karibu zaidi ya ilipo.

Kubana data kwa chaguo la -C husaidia pale mkondo ulipo mwembamba, lakini hakupunguzi idadi ya safari. Linalosaidia ni kuacha maswali na majibu yabaki hukohuko mbali na kuleta picha pekee. Hivyo ndivyo VNC, iliyobuniwa katika maabara ya Olivetti huko Cambridge, Uingereza, inavyofanya. VNC ya kawaida haisimbi data zake, hivyo huendeshwa ikisikiliza ndani tu, na mtumiaji huichimbia handaki kwa ssh -L 5901:localhost:5901. Xpra hufuata wazo linalokaribiana na hilo kwa dirisha mojamoja.

Njia hizi zina faida nyingine ambayo kwa mazingira yetu huenda ikazidi ile ya kasi. Programu iliyobebwa kwa ssh -X hufa muunganisho unapokatika, pamoja na kazi isiyohifadhiwa. Umeme ukikatika mezani baada ya saa sita za ukokotoaji, saa sita zimepotea. Programu iliyo ndani ya VNC au Xpra huendelea kukimbia mbali, na mtumiaji umeme ukirudi hujiunganisha tena na kuikuta ilipofika.

Kuhusu Wayland, mfumo ulioanzishwa na Kristian Høgsberg mwaka 2008 na unaochukua nafasi ya X katika kompyuta nyingi za Linux, programu-teja kwa kawaida hainusi kibodi ya jirani yake. Programu za zamani za X bado huendeshwa humo kupitia XWayland, na hizo huweza kupelelezana zenyewe kwa zenyewe kama zamani. Ubebaji kupitia SSH hufanywa na programu ya waypipe, ambayo sharti iwepo katika pande zote mbili. Kwenye kompyuta ya idara ambayo mtafiti hana mamlaka nayo, hilo humrudisha kwa msimamizi na ombi la maandishi.