Mkrepi hautaki panga, wataka jua

HUENDA kando ya lango lako pana mti ulioununua kwenye kitalu cha barabarani baada ya kuahidiwa maua tele. Mwaka wa kwanza ulitoa majani. Mwaka wa pili ukatoa majani zaidi. Sasa kila mwezi unaukatakata kama michongoma, na ua hata moja hujaliona. Umeanza kufikiria kuung'oa ili pahali pake uweke kamba ya kuanikia nguo.

Subiri kidogo. Ikiwa mti huo ni mkrepi, yamkini kosa si lake.

Tunauita mkrepi kwa sababu maua yake yana mikunjo kama kitambaa cha krepu. Kitaalamu ni Lagerstroemia indica, jina ulilopewa mwaka 1759 na Carl Linnaeus, bingwa wa mimea wa Uswidi, kwa heshima ya rafiki yake Magnus von Lagerström. Asili yake ni Asia, na katika ukoo wa mimea ni jamaa ya mhina na mkomamanga, miti ambayo watu wa Pwani wanaijua tangu jadi.

Wachina wana jina la mti huu lenye maana ya wekundu wa siku mia moja, kwa kuwa huchanua kwa muda mrefu. Wajapani nao huuita kwa jina lenye maana ya nyani kuteleza, kwani gome lake hubambuka na kuacha shina laini ajabu. Wahenga wetu walisema siku ya kufa nyani miti yote huteleza. Huu huteleza hata siku za kawaida!

Jua kwanza

Sababu kuu ya mkrepi kukosa maua ni kivuli. Mti huu hutaka jua kamili kwa muda usiopungua saa sita kila siku. Ukiupanda katikati ya ukuta wa jirani na tangi la maji, utarefuka tu ukitafuta mwanga.

Kabla ya kupanda, mtume mtoto akaangalie mahali hapo saa tatu asubuhi, saa sita mchana na saa tisa alasiri. Akikuta jua nyakati zote tatu, hapo panafaa. Acha mita mbili au tatu kutoka ukutani, kwani mti unaweza kuzidi urefu wa mita tano.

Panda mvua zinapoanza. Chimba shimo lenye upana mara mbili ya mkebe wa mche, lakini lisizidi kina chake. Wanaoishi kwenye udongo mweusi wa mfinyanzi, kama ule wa Embakasi au Athi River, wainue tuta kwanza, kwa kuwa mkrepi hauvumilii mizizi yake kukaa majini. Mwaka wa kwanza, mwagilia maji mengi mara mbili kwa wiki wakati wa kiangazi. Ukishakomaa, utastahimili ukame.

Mbolea nayo isizidi. Ukiurushia mti samadi na CAN kila mara, utanawiri kwa majani na kusahau maua. Samadi iliyooza vizuri, mara moja kwa mwaka, yatosha.

Weka panga chini

Maua ya mkrepi hutokea kwenye ncha za matawi machanga ya msimu huo huo. Kwa hivyo anayepunguza ncha kila mwezi anayatupa maua kabla hayajafunguka!

Pogoa mara moja tu, mwishoni mwa kiangazi, kabla ya mvua ya masika. Toa matawi makavu, yanayosuguana, na machipukizi yanayotoka mizizini. Tawi lililonenepa kuliko kidole gumba liache, isipokuwa limekufa au linasugua jingine.

Kuna wanaoukata mti mzima wakaacha visiki. Visiki hivyo hutoa fimbo nyembamba ambazo, zikichanua, huinama kwa uzito wa maua na kuvunjika mvua inaponyesha. Kusini mwa Marekani, ambako mikrepi imejaa barabarani, wapenda bustani huuita mtindo huu mauaji. Ikiwa wako umekwisha kufanyiwa hivyo, usikate tamaa. Kwenye kila kisiki chagua machipukizi mawili au matatu yenye nguvu, toa mengine, kisha uvute subira.

Wakati wa baridi na mawingu, kama Julai jijini Nairobi, majani huweza kupakwa ukungu mweupe kama unga. Dawa ya kwanza ni hewa na jua. Punguza msongamano wa matawi, na mwagilia mizizi, si majani. Ukiona masizi meusi yenye kunata, tafuta vidukari chini ya majani na uwaoshe kwa maji yenye sabuni kidogo.

Na mpangaji je?

Wewe unayeishi kwenye fleti yenye baraza la jua, zipo aina fupi za mkrepi zinazokubali ndoo kubwa iliyotobolewa chini. Mwagilia mara nyingi zaidi, kwani ndoo hukauka upesi. Ukihama, unahama nao.

Wala si lazima ununue mche. Mwombe jirani kijiti chenye unene wa penseli na urefu wa kama sentimita 20 siku anapopogoa. Kichomeke nusu yake kwenye udongo wenye unyevu na ukiweke kivulini hadi kishike mizizi. Mwanafunzi anaweza kuanzisha miche kadhaa likizoni kwa gharama ndogo sana.

Basi, kabla ya kuuhukumu mti wako, utazame saa tatu, saa sita na saa tisa. Ukikosa jua, uhamishe mvua zikianza ungali mdogo, au ondoa kinachoukinga. Ukilipata, lifiche panga, uuache msimu mmoja ujionyeshe.